Silaha Mlangoni mwa Baa: Kamina na Marufuku Mbili Zilizozaliwa Pamoja

Tarehe 2 Julai 1890 wajumbe wa mataifa 17, Zanzibar ikiwa mojawapo, walitia saini mjini Brussels mkataba wenye vifungu 100. Shabaha yake ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa barani Afrika. Biashara hiyo ilitegemea bunduki, na wakati huohuo pombe kali ya Wazungu ilikuwa imekwisha kuwa bidhaa kubwa katika pwani ya magharibi. Kwa hiyo sura moja ya mkataba ikazuia silaha na nyingine ikazuia vileo, zote mbili katika ukanda mmoja, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Nchi ya Waluba, katika Kongo ya leo, ambako baadaye ungechipuka mji wa Kamina, ilikuwa ndani kabisa ya ukanda huo. Hakuna chifu wa Kiluba aliyeitwa Brussels kuulizwa neno.

Marufuku hizo mbili zimeiandama Kamina tangu hapo. Nani abebe silaha, nani anywe, na mtu mmoja akiwa na vyote viwili, nani amwambie nini, kwa lugha gani? Mji huu wa reli na kambi ya kijeshi iliyo nje yake, ambayo wenyeji huiita Base, vimepokea majeshi ya kila aina kwa zaidi ya miaka 70. Kila jeshi lilikuja na kanuni zake kuhusu bunduki na chupa. Raia aliyeketi kwenye buvete, yaani baa ndogo, akinywa bia yake ndiye aliyebaki kukisia ni kanuni ipi inayotumika usiku ule.

Sura ya silaha katika mkataba wa 1890 haikusema tu kwamba bunduki ni marufuku. Iliamuru kila bunduki inayoingia nchini iwekwe kwanza katika ghala la serikali, na isitoke humo bila kibali. Silaha za kisasa, zenye mifuo ndani ya mtutu, ziliruhusiwa kwa walinzi wa dola na kwa watu wachache waliothibitishwa kwamba hawataziuza. Gumegume na baruti ya kawaida ya biashara ziliweza kuuzwa chini ya masharti. Upande wa vileo, palipokuwa bado hapajazoea pombe kali iliyokenekwa, pombe hiyo ilizuiwa isiingie kabisa. Penginepo ilitozwa ushuru wa faranga 15 kwa hektolita moja ya kileo cha nyuzi 50. Sheria ya silaha, kwa maneno mengine, ilitaja mahali pa kuweka silaha. Jambo hilo dogo ndilo lililopotea njiani katika karne iliyofuata.

Waluba wenyewe walikuwa na mawazo yao juu ya mambo haya muda mrefu kabla ya wajumbe wa Brussels. Masimulizi ya chimbuko la ufalme wao yanamweka upande mmoja Nkongolo, mtawala mkatili, mlevi, anayekula na kunywa mbele ya kila mtu. Upande wa pili yuko Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki, mwenye upinde, ambaye hakubali kuonekana akila wala akinywa. Mwanawe, Kalala Ilunga, ndiye aliyemshinda Nkongolo na kuuweka ufalme katika mkondo mpya. Toka hapo mfalme wa Kiluba alikunywa faraghani, mbali na macho ya watu. Na kwa heshima ya yule mwindaji, mafundi wa Kiluba walichonga vishikio vya pinde na mishale, vingi vikiwa na umbo la mwanamke, vikawa miongoni mwa alama kuu za utawala. Havikuanikwa hadharani, vilihifadhiwa ndani, vikitunzwa na waliokabidhiwa kazi hiyo. Hayo yalikuwa mambo ya ikulu, na mkulima wa kawaida alikunywa pombe yake ya nafaka bila taratibu zote hizo. Hata hivyo inafaa kukumbuka kwamba katika nchi hii silaha ya mtawala ilikuwa na pahala pake na mtunzaji wake, na kikombe chake vilevile.

Bunduki ilivuruga mpangilio huo. Mwingereza Verney Lovett Cameron alipofika Kilemba, makao ya mfalme Kasongo Kalombo, mwaka 1874, alikuta njia mbili za baruti zimekwisha kukutana hapo. Kutoka mashariki alikuwepo Juma Merikani, mfanyabiashara wa kundi la Waswahili na Waarabu waliotokea Unguja na Tabora. Kutoka magharibi alikuwepo José Antonio Alves wa Bihé, katika Angola ya leo. Wote wawili walitafuta pembe za ndovu, na watu wa Alves walishiriki uvamizi na ukamataji wa watumwa waziwazi. Kasongo Kalombo alitaka bunduki zao ziwe upande wake katika vita vya ndani. Alipokufa, wanawe waligawana nchi vipande vipande, na kila mmoja alijitafutia mwenye bunduki wa kumsaidia.

Kisha, mwaka 1895, askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, waliasi Luluabourg. Baadhi yao walikimbilia kusini wakiwa na bunduki zao za Albini, wakapata hifadhi kwa Kasongo Nyembo, mtawala wa Waluba wa eneo la Kamina. Kwa miaka zaidi ya kumi dola la kikoloni halikuweza kuwang'oa. Kasongo Nyembo mwenyewe aliendelea kupambana na Wabelgiji hadi mwaka 1917, alipokamatwa na kupelekwa uhamishoni Buta, kaskazini kabisa mwa koloni. Kwa serikali ya kikoloni, somo la Kamina lilikuwa moja: bunduki mikononi mwa Mwafrika ni hatari ikiwa haiko ghalani.

Tarehe 10 Septemba 1919 mataifa yaliyoshinda vita vikuu yalikutana Saint-Germain-en-Laye, karibu na Paris, na siku hiyohiyo yakatia saini mikataba miwili tofauti, mmoja wa silaha na mwingine wa vileo barani Afrika. Sura za Brussels zikawa vitabu viwili. Kuanzia hapo sheria ya bunduki na sheria ya chupa ziliandikwa katika ofisi tofauti, zikasimamiwa na watu tofauti, na mpaka leo katika nchi nyingi hazisomani.

Mji wa Kamina ulikua katika kipindi hicho. Reli kutoka Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ilifika Bukama mwaka 1918, na njia ya kwenda Port-Francqui, sasa Ilebo, ilikamilika mwaka 1928. Kamina ikawa makutano. Mwaka 1956 tawi la kuelekea Kabalo lilikamilika, na mtu akaweza kusafiri kwa reli hadi upande wa Ziwa Tanganyika. Wafanyakazi wa reli walileta Kiswahili cha Katanga na mishahara ya kila mwezi, na kwa mshahara huo walinunua bia iliyotengenezwa Élisabethville tangu miaka ya 1920. Bia iliruhusiwa kwa Waafrika. Mvinyo na pombe kali, hapana. Hiyo ilikuwa haki ya Mzungu, na ni katikati ya miaka ya 1950 tu ndipo kizuizi kilipolegezwa. Kwa wasomi wa Kikongo, swali la nani aruhusiwe kununua chupa ya mvinyo lilikuwa sehemu ya madai ya usawa, nao walikuwa na haki ya kulichukulia kwa uzito. Wenye hela kidogo waliendelea na munkoyo, kinywaji cha nafaka, au na lutuku, pombe kali iliyopikwa kwa siri nyuma ya nyumba.

Nje ya mji huo Ubelgiji iliamua, mwishoni mwa miaka ya 1940, kujenga kambi kubwa ya kijeshi. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimewafundisha Wabelgiji jinsi nchi yao inavyomezwa kwa siku chache. Kama Warusi wangeivamia Ulaya Magharibi, serikali ingehitaji pa kukimbilia, na Katanga, yenye shaba, kobalti na urani ya Shinkolobwe, ilionekana inafaa. Ndivyo ilivyozaliwa Base ya Kamina, iliyofupishwa BAKA: uwanja wa ndege, shule ya marubani waliojifunza kwa ndege za Harvard, kituo cha makomando wa miamvuli, nyumba za familia na mesi za wanajeshi. Palikuwa mji wa Kibelgiji katikati ya savana. Mzungu wa kambini alikuwa na silaha yake na mvinyo wake, yote kwa mujibu wa sheria. Mwafrika aliyefanya kazi humo hakuwa na ruhusa ya kimoja wala kingine, isipokuwa awe askari, na hapo bunduki ilikuwa ya zamu tu.

Yote hayo yalipinduka ndani ya wiki moja. Tarehe 5 Julai 1960, siku tano baada ya uhuru wa Kongo, askari waliasi katika kambi ya Thysville. Tarehe 10 makomando wa Kibelgiji waliruka kutoka Kamina kwenda Élisabethville, na kesho yake kiongozi wa jimbo hilo, Moïse Tshombe, akatangaza Katanga imejitenga. Kabla ya mwaka huo kwisha Umoja wa Mataifa ulikuwa umechukua Base. Mwaka 1962 ndege za kivita za Uswidi zilikuwa zikiruka kutoka hapo.

Mwaka 1964 unastahili kutazamwa kwa utulivu zaidi, kwa sababu ndipo swali la silaha na pombe lilipoingia Kamina bila kificho. Waasi wa Simba walikuwa wameteka nusu ya nchi, na Tshombe, sasa waziri mkuu, aliajiri mamluki kutoka Afrika Kusini, Rhodesia na Ulaya. Mkusanyiko wao ulikuwa Base ya Kamina, chini ya Mike Hoare, mwanajeshi mstaafu. Katika kumbukumbu zake Hoare alilalamika kwamba wengi mno kati ya walioletwa kwake mwanzoni walikuwa walevi, watu waliookotwa baani. Hao ndio waliopewa bunduki za kiotomatiki na kutumwa kuikomboa miji ya Wakongo. Mambo waliyoyatenda njiani, uporaji na mauaji, yalishuhudiwa na waandishi wa habari waliofuatana nao. Novemba mwaka huo makomando wa Kibelgiji, wakibebwa na ndege za C-130 za Marekani kupitia kisiwa cha Ascension, walitua Kamina tarehe 22, na tarehe 24 wakashuka Stanleyville kuokoa mateka walioshikwa na waasi. Raia wa Kamina alitazama majeshi hayo yakiingia na kutoka, na hakuna aliyefikiria kumweleza kanuni zake.

Wabelgiji walirudi tena Mei 1978, wakapitia Kamina kwenda Kolwezi wakati wa vita vya pili vya Shaba, jina la Katanga wakati huo. Mwaka 1987 magazeti ya Marekani yaliandika kwamba Base ilikuwa ikitumiwa na CIA kupitishia silaha kwa waasi wa UNITA wa Angola. Ni katika zama hizohizo za rais Mobutu ndipo ilipotolewa ordonansi-sheria nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 kuhusu silaha na risasi, ambayo imeongoza suala la bunduki za raia kwa miongo kadhaa: raia hawezi kumiliki wala kubeba silaha bila idhini ya serikali. Mwanajeshi hakuwa ndani ya shabaha ya sheria hiyo. Na Kamina tatizo halijawahi kuwa hasa la raia.

Baada ya vita vya 1998 hadi 2003, Base ikawa moja ya vituo vya kuchanganya majeshi, kazi ambayo Wakongo wote waliijua kwa jina la brassage. Wapiganaji wa makundi yaliyokuwa yakiuana walifika, wakakabidhi silaha, wakachagua kurudi uraiani au kuunganishwa katika brigedi mpya. Jeshi hilo lilizungumza Lingala, lugha ya amri tangu Force Publique, pamoja na Kiswahili kilichoingia kwa wingi na wapiganaji wa AFDL, muungano wa waasi uliomwondoa Mobutu, mwaka 1997. Nyaraka zake ziliandikwa kwa Kifaransa. Karibu muongo mmoja baadaye Base ilipokea tena wapiganaji waliojisalimisha, pamoja na kambi za Kitona na Kotakoli.

Hapo ndipo inapoingia ile alama ambayo kila anayeishi mashariki mwa Kongo anaijua: Kalashnikov nyeusi ndani ya duara jekundu, imekatwa kwa mstari. Imebandikwa kwenye milango ya hospitali, kwenye magari ya mashirika ya misaada, kwenye ofisi. Ni alama nzuri. Inaeleweka na asiyejua kusoma, na askari wa Lingala, wa Kiswahili na wa Kiluba wanaipokea kwa maana moja. Inafanya kazi hospitalini kwa sababu pana mtu langoni, na mara nyingi pana sehemu ya kuacha silaha kabla ya kuingia. Mlangoni mwa baa alama hiyohiyo inakuwa karatasi tu. Mwenye baa hana mlinzi anayeweza kumzuia mwenye bunduki, wala kabati la kuifungia. Na picha inaonyesha bunduki ndefu. Bastola iliyo kiunoni chini ya koti, ambayo mwenye cheo huitembeza bila kuonekana, haimo pichani. Mteja anayeingia akiwa nayo anaweza kudai, bila kusema uongo, kwamba hakuna kilichomkataza.

Nchi zenye sheria nyingi zaidi hazijakwepa mkanganyiko huu. Huko Texas, tangu mwaka 1996, raia mwenye leseni anaweza kubeba bastola iliyofichwa. Lakini baa ambayo asilimia 51 au zaidi ya mapato yake yanatokana na pombe inayonywewa hapohapo inatakiwa kuweka bango lenye namba 51 kwa wino mwekundu, nalo linamaanisha kwamba silaha hairuhusiwi ndani. Duka linalouza pombe bila kufikia kiwango hicho lina bango tofauti. Mwenye mgahawa asiyetaka bastola zilizofichwa huweka bango jingine la kifungu 30.06, la Kiingereza na Kihispania, herufi zake zisizopungua inchi moja. Na tangu 2016 kuna la 30.07 kwa zinazobebwa wazi. Mwaka 2021 sharti la leseni liliondolewa kwa watu wengi, na maneno yakaongezeka tena mlangoni. Mteja anayesimama hapo anatakiwa kujua hesabu za mapato ya baa, jambo ambalo mamlaka ya vileo ya jimbo ndiyo inayolijua.

Tennessee ilikwenda mbele zaidi. Mwaka 2009 bunge la jimbo liliruhusu wenye vibali kuingia na silaha katika migahawa inayouza pombe, baada ya kutengua kura ya turufu ya gavana Phil Bredesen. Novemba mwaka huo mahakama ya Nashville ikaifuta sheria hiyo kwa sababu haikueleweka: mtu wa kawaida hakuweza kutambua mgahawa ni upi na baa ni ipi. Mwaka uliofuata bunge likaiandika upya.

Kenya ilichagua njia nyepesi zaidi kuielewa. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hakiulizi baa inauza nini. Kinamtazama mtu: aliyelewa, au anayefanya fujo, huku amebeba silaha, ametenda kosa, popote alipo. Hakihitaji bango. Kifungu hicho hakijazuia kila risasi, kama ilivyoonekana Januari 2020 katika klabu moja ya usiku jijini Nairobi ambapo mcheza santuri alijeruhiwa vibaya, lakini hakuna mshtakiwa anayeweza kujitetea kwamba hakuelewa kilichoandikwa ukutani.

Kwa nini basi Kongo isifuate njia hiyo? Kwa sehemu inaifuata. Askari anayefyatua ovyo hufikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi kwa kuvunja amri na kwa kutapanya risasi za vita, na makamanda na magavana wa mikoa ya mashariki wametoa mara nyingi amri kwamba askari asiye zamuni asionekane mjini na silaha. Kinachokosekana kiko kambini. Askari wengi wa FARDC, jeshi la taifa, hawana nyumba za kambi zinazotosha. Wanaishi mitaani na wake na watoto wao, katika vyumba vya kupanga au vibanda, na bunduki inalala hapohapo walipo. Akitoka kwenda kunywa jioni, aiache na nani? Akiiacha nyumbani ikaibwa, atashtakiwa yeye. Kwa hiyo anakwenda nayo kwenye buvete, anaiegemeza ukutani au anaiweka mapajani, na mhudumu anamletea bia yake ya Simba akiwa ameelekeza macho chini.

Usiku wa tarehe 30 Julai 2020 huko Sange, katika bonde la Ruzizi, Kivu Kusini, askari aliyekuwa amelewa alipiga risasi na kuua watu zaidi ya 10, mtoto mdogo akiwa mmoja wao. Wenyeji waliingia barabarani kesho yake. Madai yao, kama ya miji mingi ya mashariki kabla yao, hayakuwa ya bango lolote.

Nyaraka za kimataifa zinalitambua tatizo. Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004, ambayo Kongo iliitia saini, inazitaka dola zihifadhi silaha zao mahali salama na kuzitia alama. Mkataba wa Kinshasa wa 2010 kwa nchi za Afrika ya Kati, ulioanza kutumika Machi 2017, unasisitiza lilelile. Ni lilelile pia ambalo kifungu cha ghala la serikali kiliwataka wakoloni walifanye mwaka 1890, kwa nia isiyokuwa njema kwa Waafrika. Tofauti ni kwamba sasa anayehitaji ghala hilo ni askari wa nchi yenyewe, baba mwenye familia, anayetaka kunywa bia mbili siku ya mshahara na kurudi nyumbani. Base ya Kamina ina ardhi, uwanja wa ndege, na miongo saba ya kukusanya silaha za watu wengine. Kinachotakiwa humo ni kabati lenye kufuli, daftari la kuandikia namba ya kila bunduki, na sajini wa zamu anayepokea silaha saa kumi na mbili jioni na kuirudisha asubuhi, pamoja na nyumba za kutosha ili asiwepo askari anayelazimika kulala nayo mtaani.